Mambo ya Nyumbani: Springi za Gari, Tuzifunge Wenyewe au Tumpe Fundi?

Mwezi uliopita alinijia mwalimu mmoja wa hapa Kwamndolwa, mtu mwenye mke na watoto watano, naye ana pikapu ya zamani impatiayo riziki kidogo baada ya kazi ya shule. Pikapu hiyo huchukua machungwa na mahindi kutoka mashamba ya upande wa Handeni mpaka soko la Korogwe. Siku ya Jumapili huwaleta kanisani wazee wawili wasioweza kutembea. Na usiku, mtu akiugua ghafula, ndiyo impelekayo hospitali ya Magunga. Sasa springi ya nyuma, upande wa kushoto, imekatika jani moja, na gari limeinama kama mtu mwenye mguu mfupi.

Fundi ametaja ujira wake. Mwana mkubwa wa mwalimu ameona katika simu video ya jinsi kazi ile ifanywavyo, naye asema, "Baba, spana tunazo, jeki tunayo; fedha ya fundi tununulie sare za shule." Mama mwenye nyumba asema, "Mpeni fundi." Basi mwalimu akaniuliza, "Katekista, katika hao wawili nani asema kweli?"

Nikamjibu, "Mwalimu, swali hili siwezi kulijibu kwa neno moja, maana mimi mwenyewe nimepata kulijibu vibaya, na jibu langu lilikaribia kuniondolea mtoto." Tukaketi, tukazungumza hata jua likachwa. Na kwa kuwa sasa nyumba nyingi za wakristo zina gari, au zina sehemu katika gari la ndugu au la ushirika, nimeona yafaa niandike mazungumzo yetu hapa, yawafae na wengine.

Kwanza tujue kazi ya springi ni nini. Watu wengi hudhani ni kitu cha raha tu, kiwekwacho ili abiria wasiumie mgongo. Raha imo, lakini ni sehemu ndogo. Springi huchukua uzito wote wa bodi, wa mizigo na wa watu. Gurudumu likiingia shimoni, springi hupinda badala ya chasisi kuvunjika. Tena, gurudumu likiruka, springi hulirudisha chini lishike ardhi. Na gurudumu lisiloshika ardhi halifungi breki wala halitii usukani. Na hizi springi za majani, zile bamba za chuma zilizopangwa moja juu ya moja nyuma ya pikapu, zina kazi nyingine zaidi: ndizo ziishikazo ekseli mahali pake, isisogee mbele wala nyuma. Kwa hiyo gari lililofungwa springi vibaya si gari lisilo raha tu, ni gari lisilotii. Mwenye kuliendesha hugeuza usukani huku, nalo huenda kule.

Hapa kwetu springi huchoka upesi. Njia kubwa ya Korogwe kwenda Handeni sasa ina lami, walakini machungwa hayazaliwi kando ya lami. Gari hushuka mashambani, nako masika huchimba makorongo, na vuli huyachimba tena kabla hayajafukiwa. Huko gari hupakiwa mpaka magurudumu yakaribia kugusa bodi, kisha hurudi lamini na kuruka matuta kwa haraka, kwa sababu soko halingoji. Chuma kipindwacho mara nyingi hupata ufa mdogo usioonekana, ufa huongezeka siku kwa siku, kutu ikiusaidia, hata siku moja jani likatika, na watu husema, "Limekatika ghafula." Halikukatika ghafula. Lilikuwa likisema kwa muda mrefu, wala hapakuwa na mtu wa kulisikiliza.

Dalili zake ni hizi. Simamisha gari tupu mahali palipo sawa, upime kwa rula toka katikati ya gurudumu hata ukingo wa bodi ulio juu yake, upande wa kulia na wa kushoto. Vipimo vikitofautiana sana, chunguza springi. Tazama kama kuna jani lililotoka katika safu ya wenzake. Tazama kama tairi moja laliwa upande. Tazama kama gari huenda upande upande kama mbwa atembeaye. Kazi hii ya kutazama haihitaji fundi, na kila mwenye gari yampasa kuifanya walau mara moja kwa mwezi.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Springi hazifanani, na hapo ndipo penye shauri lote.

Wengi wetu tuliokulia huku Uzigua tulitega mitego tulipokuwa watoto. Mtoto huchukua fimbo mbichi, huichomeka ardhini, huipinda mpaka chini, hufunga kitanzi, kisha huizuia kwa kijiti kidogo. Fimbo imetulia, hata nzi aweza kutua juu yake. Lakini kijiti kile kikiguswa, fimbo hupaa, na kanga yuko hewani kabla hajajua. Na mtoto mzembe hupigwa usoni na mtego wake mwenyewe. Sote twawajua waliopata alama namna hiyo.

Springi ya majani ya pikapu, gari likiinuliwa kwa chasisi hata ekseli ikaning'inia, ni kama upinde uliolegezwa kamba. Nguvu yake nyingi imekwisha kutoka. Ni nzito, yaweza kukuangukia mguuni, lakini haina nia ya kuruka. Springi ya kuzunguka, ile iliyojikunja kama nyoka, ambayo katika magari mengi madogo huzunguka shokapu ya mbele, hiyo si kama upinde uliolegezwa. Waweza kuinua gari, ukatoa gurudumu, ukaitoa nguzo yote ya shokapu na kuilaza chini ya mwembe; wadhani imelala, kumbe ni mtego uliotegwa. Springi imebanwa ndani ya nguzo yake, na nati moja ya juu ndiyo iishikayo, kama kile kijiti cha mtego. Mafundi wana chombo cha kuibana kwanza, kiitwacho kibanio cha springi, ndipo hufungua ile nati. Asiye na kibanio asiiguse nati ile, hata kidogo.

Waalimu wenzangu waweza kulifanya jambo hili kuwa hesabu ya darasani. Mtaalamu wa Uingereza, Robert Hooke, alichapisha mwaka 1678 kanuni ya kwamba kadiri springi ivutwavyo au ibanwavyo, ndivyo nguvu yake izidivyo kwa kipimo kile kile. Tuchukue mfano wa springi ambayo kila milimita 1 ya kubanwa yataka uzito wa kilo 2.5. Ukiibana milimita 150, mwishoni yasukuma kwa uzito wa kilo 375. Imeanza sufuri, imefika 375. Wastani wake ni kilo 187.5. Zidisha kwa urefu wa mita 0.15, wapata 28 na kitu. Maana yake, kazi iliyowekwa akiba ndani ya springi ile ni sawa na ya jiwe la kilo 28 lililoinuliwa mita 1. Lakini jiwe likianguka waweza kuliona na kulikwepa. Springi huruka kabla jicho halijafumba.

Mimi sikuifanya hesabu hiyo siku ile ilipofaa. Nitawaeleza, ingawa nina haya.

Mwaka 2017 nilibadili springi za nyuma za pikapu ya ndugu yangu, mimi na mwanangu na jirani mmoja. Tulifanya polepole, kazi ikatoka njema, na gari likasimama sawa. Watu wakasema, "Katekista ni fundi!" Nami nikacheka kama mtu asiyejali, kumbe sifa ile iliniingia rohoni ikakaa. Baada ya miezi mitatu akaja shemeji yangu na gari lake dogo, Probox, springi ya mbele imekatika. Yeye alitaka kulipeleka gereji. Mimi ndiye niliyemzuia, nikasema, "Ya nini kutupa fedha? Kazi hii nimekwisha kuifanya." Nami sikuwa nimeifanya. Nilikuwa nimefanya kazi nyingine yenye jina moja na hii.

Dukani tuliponunua springi mpya, mwenye duka aliniuliza kama nina kibanio, akanielekeza mahali pa kukikodi. Nikaona ni gharama ya bure. Nyumbani nikachukua waya mnene, nikaifunga springi ile mara nyingi pande mbili, nikaanza kufungua nati. Mwanangu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 13, alikuwa amechutama mbele yangu akiishika nguzo isizunguke. Nati ilipofika nyuzi za mwisho, waya wa upande mmoja ukakatika. Sikuona kitu. Nilisikia mlio, kisha mlio wa pili nyuma ya mtoto, nikageuka nikaona ubao wa mlango wa jiko umepasuka na springi yabiringika uani. Ilikuwa imepita karibu na sikio lake la kushoto. Alipata mkwaruzo tu wa kile kikombe cha juu kilichoruka pamoja nayo.

Mama yake akatoka. Hakusema neno. Akamshika mtoto mkono, akaingia naye ndani. Nimesikia mahubiri mengi maishani mwangu, na machache nimeyatoa mwenyewe, lakini kimya kile sijasahau hata leo.

Jioni tulipokusanyika kwa sala, mtoto akaniuliza, "Baba, ulijua kwamba yaweza kuruka?" Nikamjibu, "Sikujua." Nikalala na jibu hilo, wala sikupata usingizi, maana halikuwa kweli. Mwenye duka aliniambia. Nilijua, ila nilipenda zaidi kuitwa fundi, na kuhesabiwa kuwa nimeokoa fedha za shemeji. Asubuhi nikamwita mwanangu, nikamwambia, "Jana nilikudanganya. Nilijua, nikapuuza. Nisamehe." Akanisamehe upesi, kama watoto wafanyavyo. Shemeji tulimpeleka gereji siku ile ile, na gharama nikailipa mimi.

Tangu siku hiyo, kila kazi ya gari inijiapo, najiuliza maswali matatu, nami nawapa ninyi.

Swali la kwanza: Nguvu iko wapi? Je, nguvu yote imetoka kabla sijatia mkono, au imezuiwa na kitu nitakachokifungua? Kama imetoka, mtu mwangalifu mwenye vyombo aweza kufikiria kuifanya kazi. Kama imezuiwa, ni kazi ya mwenye chombo cha kuizuia, tena aliyekwisha kufundishwa kukitumia. Maana kibanio nacho kikishikwa vibaya huteleza.

Swali la pili: Kosa langu litaonekana wapi? Kuna makosa yaonekanayo uani, gari likiwa limesimama: kitu kimeinama, bolti imebaki mkononi. Haya hayana hofu kubwa. Lakini kuna makosa yasiyoonekana mpaka gari liko mteremkoni na mzigo, nati ilegee hapo. Kazi ambayo kosa lake hujificha mpaka njiani, haifai iachwe mikononi mwa mtu mmoja tu. Sharti jicho la pili, lenye ujuzi, liikague.

Swali la tatu: Ni nani atakayelipa nikikosea? Kama ni mimi peke yangu, nina ruhusa kidogo ya kujaribu. Lakini gari haliendi na mwenye kulitengeneza peke yake. Ndani yake yumo mama aendaye kujifungua, yumo mzee wa kanisa, yumo mtoto wa mtu. Mbele yake yupo mpita njia asiyejua kwamba mimi nilifunga springi ile Jumamosi kwa haraka. Watu hao hawakuulizwa kama wapenda kuwekewa akiba ya fedha kwa njia hiyo.

Fedha haimo katika maswali hayo matatu. Sisemi fedha si kitu. Sisi sote twajua ilivyo ngumu kupatikana. Nasema ni swali la nne, na mtu akiliweka la kwanza, hayo matatu hayataulizwa tena.

Basi kama majibu yameruhusu, na mtu ameamua kufunga mwenyewe springi za majani, na ashike mambo haya. Gari lisimame mahali pagumu na sawa. Udongo wetu mwekundu baada ya mvua hudidimia chini ya jeki. Magurudumu ya mbele yazuiwe kwa vigingi au mawe, mbele na nyuma. Gari likishainuliwa, chasisi ikae juu ya stendi za chuma, wala mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki tu. Matofali ya saruji si stendi. Hupasuka mara moja bila kuonya. Ekseli nayo iwe na jeki yake ya chini, isianguke wala kuzunguka bolti zitolewapo. Nati zenye kutu zipakwe mafuta ya kulainisha tangu jana yake. Watu wawe wawili, maana springi ni nzito, na watoto wakae mbali.

Springi hubadilishwa mbili, kulia na kushoto pamoja. Mpya na kuukuu hazichukuani. Zile bolti zilizopindwa kama herufi U, ambazo mafundi huziita yubolti, zinunuliwe mpya, kwa maana za zamani zimekwisha kuvutika na hazishiki tena kama kwanza. Kichwa cha bolti ya katikati ya springi kiingie sawasawa katika tundu lake juu ya ekseli. Kikikaa pembeni, ekseli itakaa upande na gari litakwenda upande. Yubolti zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, kisha zimaliziwe kwa spana ya kipimo, kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Zile bolti za mwisho zenye bushi za mpira zisikazwe kabisa gari likiwa hewani. Lishushwe kwanza likae kwa magurudumu yake, ndipo zikazwe, la sivyo mpira hupindika na kufa mapema. Baada ya safari za kwanza, nati zote zikaguliwe na kukazwa tena. Na safu yenyewe ya majani, iliyoshikwa na bolti ya katikati, usiifungue nyumbani, kwa kuwa majani yale yana mipindo mbalimbali, nayo yamebanwa pamoja. Huo nao ni mtego.

Tena, asiongezwe mtu jani la ziada kwa tamaa ya kubeba gunia zaidi. Gari litasimama juu, nawe utadhani limepata nguvu. Lakini ekseli ni ile ile, tairi ni zile zile, breki ni zile zile. Na pikapu nyingi, kama Toyota Hilux, zina kifaa kidogo kilichounganishwa na ekseli ya nyuma, kipimacho jinsi mzigo ulivyoshusha gari na kugawa nguvu ya breki kwa kipimo hicho. Ukibadili kimo cha springi, wakidanganya kifaa kile: gari limejaa, nacho chaona ni tupu.

Sasa niseme na wale watakaokwenda gereji, wasije wakadhani kulipa ni kumaliza wajibu. Baada ya msiba ule nilionusurika, niliogopa hata kushika spana. Nikapeleka gari katika gereji moja, mahali sipataji, nikaliacha tangu asubuhi nikaenda shughuli zangu. Jioni nikakuta springi zang'aa kwa rangi nyeusi, nikalipa bei ya mpya, nikashukuru. Hata mwezi haukupita, gari likainama. Nikakwaruza ile rangi kwa kisu, chini yake nikaona kutu ya miaka mingi. Nani wa kulaumiwa? Fundi yule atajibu kwa Mungu wake. Lakini mimi nilikuwa nimelipa fedha ili nisiwe na haja ya kutazama, na hilo halinunuliwi. Mtu aweza kukodi mikono ya mwingine. Dhamana ya roho za watu watakaopanda gari lake haikodishwi.

Kwa hiyo, uendapo kwa fundi, keti pale. Mwulize kwa adabu, naye fundi mwema hataudhika: Una kibanio? Una stendi? Yubolti utatia mpya? Vitu vya zamani utanirudishia nivione? Springi mpya zinunue mwenyewe ukiweza, udai risiti. Kama ni za mbele zenye nguzo, uliza kama magurudumu yatapimwa baada ya kazi, hiyo waiitayo alaimenti, kwa sababu nguzo ikifunguliwa gurudumu huweza kukaa upande na kula tairi. Kisha endesheni pamoja kidogo kabla hujalipa, mpatane na siku ya kurudi kukaza nati. Wako mafundi vijana waliosoma katika vyuo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Wako na wazee waliofundishwa chini ya mwembe na fundi aliyewatangulia. Katika hao na hao wamo wema na wamo wazembe. Mimi humtazama fundi jinsi awekavyo nati alizozifungua. Azitupaye mchangani ovyo, hata cheti chake kikiwa kikubwa, simpi gari. Azipangaye katika kopo safi kwa utaratibu, huyo hukumbuka kwamba zitarudi. Na ukimpata, mlipe ujira wake wote siku ile ile, wala usimpunje. Maana mwenye kupunjwa leo, kesho ataitafuta haki yake katika yubolti zako.

Nikarudi kwa mwalimu wangu. Nikamwambia, "Wewe hufundisha habari za mtu aliyetaka kujenga mnara, katika Luka 14. Basi tuketi tuhesabu gharama kwanza." Tukachukua kalamu. Tukasema, tuchukue ujira wa fundi kuwa shilingi 60,000. Springi na yubolti na bushi zitanunuliwa kwa vyovyote, awe fundi au awe yeye. Hizo tukaziweka kando. Lakini akifanya mwenyewe, atakodi stendi na spana ya kipimo, tuseme 20,000. Mafuta ya kulainisha na nati za akiba, 10,000. Jumamosi nzima ya pikapu kutokwenda soko, naye na mwanawe kutokwenda shamba. Kwa fundi kazi ingekwisha mapema zaidi. Akiba ya 60,000 ikawa 30,000, na hizo 30,000 zikaanza kuonekana nyembamba. Mwalimu akacheka akasema, "Sare zimebaki shati moja."

"Walakini," nikasema, "mwanao hana kosa kutaka kujifunza. Springi zako ni za majani, nazo ni za nyuma. Nguvu yake hutoka gari likiinuliwa. Kazi hii si kama ile niliyoifanya mimi kwa ujinga. Mwite fundi aje hapa nyumbani, umlipe, afanye kazi mwanao akiwa msaidizi wake. Hutaokoa fedha nyingi, lakini utanunua vitu viwili kwa bei ya kimoja."

Wakafanya hivyo Jumamosi iliyofuata, nami nikaenda kutazama. Fundi alipoitoa springi ile iliyokatika, hakuifunga mpya mara moja. Akachukua kitambaa, akafuta kile kishikizo cha chasisi ambapo ncha ya springi hukaa, akammulikia kijana taa, akamwambia, "Pitisha ukucha hapa." Kijana akapitisha, akahisi mstari. Palikuwa na ufa, mwembamba kama unywele. Springi mpya ingefungwa juu yake, ingekaa vizuri uani, ingekwenda vizuri siku kadhaa. Kisha siku moja, na mzigo, kishikizo kingeng'oka. Video ile haikuwa imeonyesha ufa huo, kwa maana gari la kwenye video halikuwa nao. Ikabidi gari lipelekwe Korogwe kuchomelewa kabla ya jambo jingine, na sare zikangoja mwezi mmoja.

Kijana yule hakusema tena habari ya akiba. Alikuwa akiutazama ukucha wake. Mama yake akaleta chai, akamtengea fundi kwanza.

Basi, wenye nyumba, lichukueni neno hili kwa kila kazi ya namna hii, ikiwa ni springi, ikiwa ni waya za umeme, ikiwa ni mtungi wa gesi ya kupikia. Kujifunza kazi ni jambo jema, na uvivu wa kumwachia fundi kila kitu si fadhila. Lakini kabla hujashika spana, tazama nguvu imelala wapi, na ni nani amechutama mbele yako akikuamini.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza habari za maji ya visima wakati wa masika. Mwenye swali na alilete kwa mwalimu wa mtaa wake, nalo litanifikia.

Wasalaam.
Mimi ndugu yenu katika Bwana,
Katekista, Kwamndolwa.